Mahari ya China (caili): wanawake wenyewe wanabishana nini hasa?

#1 Nyamizi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila habari ya mahari ya China ikiletwa humu, majibu huwa mawili: wanawake wa kule wana tamaa, au serikali ipige marufuku yaishe. Nimechoka kuyasoma yote mawili. Mafeministi wa China wamegawanyika vibaya juu ya jambo hili, na huwezi kuuelewa ugomvi wao kama hujaifuata pesa yenyewe: inatoka mfukoni mwa nani, inalala kwa nani, na mwisho wa yote hati ya nyumba ina jina la nani. Naomba mjadala ukae hapo.

Kwanza maneno. Caili (tamka "tsai-li") ni fedha na vitu vinavyotoka upande wa mume kwenda upande wa mke. Jiazhuang ("jia-juang") ni mali anayokuja nayo bibi arusi kutoka kwao: gari, samani, dhahabu, fedha. Usihesabu moja ukaiacha nyingine. Familia iliyopokea yuan 188,000 ikamkabidhi binti gari la 150,000, na familia iliyopokea 100,000 ikakaa nayo yote, haziko kundi moja hata kidogo, ijapokuwa ya kwanza ndiyo itakayoandikwa kuwa "ghali".

Mwenendo wa kawaida, hasa vijijini na miji midogo:

Upande wa mume hupeleka posa pamoja na mshenga. Hubeba sigara, pombe, chai na matunda, vyote kwa idadi shufwa, maana witri haileti heri kwenye harusi. Mshenga ndiye anayepeleka na kurudisha kauli za bei. Wazazi wakikaa uso kwa uso kutajiana kiasi, mara nyingi uchumba huvunjika hapo hapo kwa kuoneana aibu au hasira.

Kisha hufanyika karamu ya uchumba, dinghun. Hapo sehemu ya caili hukabidhiwa, mara nyingi nusu au zaidi, pamoja na "dhahabu tatu": pete, mkufu, na hereni au bangili. Wenye uwezo huenda hadi dhahabu tano.

Halafu kuna usajili kwenye ofisi ya mambo ya kiraia. Hiyo ndiyo ndoa mbele ya sheria. Mume awe na miaka 22, mke 20. Ada ilikuwa yuan 9, ikafutwa tangu 1 Aprili 2017.

Baada ya usajili, pengine miezi kadhaa, ndipo harusi yenyewe. Siku hiyo kuna malipo madogo madogo: fedha ya kumpandisha bibi arusi garini, fedha ya kumshusha, na gaikou fei, ambayo wakwe hutoa pale mkwe anapoacha kuwaita "mjomba" na "shangazi" akaanza kuwaita baba na mama. Sehemu nyingine kuna pia "fedha ya kumwacha mama", inayokaribiana sana na mkaja wa kwetu.

Sasa angalieni pengo. Pesa hutoka kwenye uchumba, ndoa ya kisheria huja baadaye, harusi baadaye zaidi. Kesi nyingi za caili mahakamani zimezaliwa ndani ya mapengo hayo mawili.

#2 Karani77

Asante dada Nyamizi. Naongeza upande wa hesabu, kwa sababu viwango vyao vina mantiki ambayo mtu wa nje haioni.

Tarakimu huchaguliwa kwa sauti na maana. 8 ni utajiri, 6 ni mambo kwenda laini, 9 hutamkwa sawa na neno la "muda mrefu", 4 hukwepwa kwa kuwa sauti yake inakaribia kifo. Ndiyo maana unasikia 66,000, 88,000, 188,000, 288,000. Hata 10,001 hutumika: mmoja aliyeteuliwa kati ya elfu kumi.

Kuna sehemu hupima kwa noti. "Wan zi qian hong yi pian lü", yaani zambarau elfu kumi, nyekundu elfu moja, na uwanja wa kijani. Noti ya yuan 5 ni ya zambarau: 10,000 × 5 = 50,000. Ya 100 ni nyekundu: 1,000 × 100 = 100,000. Kijani ni noti za 50, hizo hupangwa kadiri ya uwezo. Jumla haishuki chini ya 150,000. Wengine hupima kwa mizani: jin tatu za noti nyekundu. Jin moja ni gramu 500, noti moja ya 100 ina uzito wa gramu 1.15 hivi, kwa hiyo jin tatu ni noti 1,300 na ushee, karibu yuan 130,000.

Kabla ya noti vilikuwa vitu. Miaka ya 1970 walidai "vitatu vinavyozunguka na kimoja kinacholia": baiskeli, cherehani, saa ya mkono, na redio. Miaka ya 1980 ikawa televisheni ya rangi, friji na mashine ya kufulia. Sasa ni "kinachotembea na kisichotembea", yaani gari na nyumba, na caili juu yake.

Tofauti ya mikoa ni kubwa mno. Guangdong caili ni ndogo na aghalabu sehemu yake hurudishwa papo hapo. Jiangxi imekuwa mfano wa kutajwa kila mahali kwa ukubwa wa caili. Fujian na Zhejiang kuna familia zinazodai kikubwa lakini humpa binti kikubwa zaidi. Anayesema "China wanalipa kiasi fulani" anasema jambo lisilo na maana.

Na kwa nini kilipanda? Watoto wa kiume walizidi. Mwaka 2004 walizaliwa wavulana kama 121 kwa kila wasichana 100, wakati kawaida ya maumbile ni 103 hadi 107. Sera ya mtoto mmoja, mashine za kuangalia jinsia ya mimba, na kupenda mwana wa kiume vilikutana pamoja. Sensa ya 2020 ilikuta wanaume wamezidi wanawake kwa karibu milioni 35 nchi nzima. Wachumi Wei Shang-Jin na Zhang Xiaobo walionesha kwamba familia zenye mtoto wa kiume huweka akiba zaidi pale ambapo wasichana ni wachache, na kwamba ushindani huo unaweza kueleza karibu nusu ya ongezeko la akiba za kaya kati ya 1990 na 2007. Yaani mama na baba wamejinyima miaka ishirini kwa ajili ya siku moja ya mshenga.

Wanaotupa lawama kwa mabinti wa leo wasome tena aya hiyo. Mabinti waliokosekana hawakujiondoa wenyewe.

#3 Bi Shufaa

Shukrani wanangu. Nina swali la neno. Kwetu pwani mahari ni haki ya mke mwenyewe, ataje atakacho, na baba hana fungu ndani yake. Kilemba na mkaja ni mambo mengine. Bara wengi, mahari huenda kwa baba na ukoo. Hiyo caili iko upande gani? Maana mkiita zote mahari tutapotezana.

#4 Nyamizi

Bi Shufaa, shikamoo. Umeshika mzizi wenyewe. Caili imehama mikono, na ndiyo sababu ubishi umekuwa mgumu.

Zamani ilikwenda kwa wazazi wa binti. Ilikuwa fidia ya kumlea mtu ambaye nguvu zake na uzazi wake vitatumika ukoo mwingine, na mara nyingi fedha hiyo hiyo ilitumika kumwolea kaka yake. Mwanaanthropolojia Yan Yunxiang alifuatilia kijiji cha Xiajia, Heilongjiang, kwa miaka mingi, akakuta mabadiliko hatua kwa hatua: vitu vikageuzwa kuwa fedha taslimu, fedha ikaanza kupewa bibi arusi mkononi, na mwishowe kijana na mchumba wake wakawa wanashirikiana kukamua wazazi wa mume. Kwa nini? Kwa sababu ndiyo njia ya kuchukua urithi mapema, kabla kaka wengine hawajaugawana. Binti anayedai kiasi kikubwa pale hamwuzi mtu wala hauzwi; anajenga mtaji wa kaya yake, na bwana arusi yuko nyuma yake anamtia moyo.

Kwa hiyo leo kuna njia tatu za pesa, na zote zinaitwa caili:

Inabaki kwa wazazi wa binti, kwa uzee wao au kwa mahari ya kaka. Hapa ndipo hasira za mabinti zinapochemka. Wana neno kali, fudimo, "jini la kumbeba mdogo wake wa kiume", kwa dada ambaye maisha yake yote yamegeuzwa mfuko wa kaka.

Inapita kwa wazazi kisha inarudi yote pamoja na nyongeza, ikiwa jiazhuang.

Inaingia kwenye akaunti ya bibi arusi au ya wawili, wanaiita mtaji wa kuanzia kaya changa.

Ya tatu ndiyo inayokaribiana na mahari unayoisema wewe, Bi Shufaa, ila ile ya kwanza bado ipo na ina nguvu.

#5 Mto Pangani

Mimi nitapinga kidogo, kwa heshima zote.

Hata ikiingia akaunti ya mke, bado mtu amewekewa kiwango. Na viwango vyenyewe vinasema: bikira zaidi, mjane pungufu, mtalaka pungufu, msomi zaidi, mrembo zaidi. Ukishakubali kipimo hicho huwezi kukishutumu wakati mwanamume anapokitumia dhidi yako.

Wanawake wa China walilisema hili mapema. He-Yin Zhen, mwaka 1907 akiwa Tokyo, aliandika kwenye jarida la Tianyi kwamba mwanamke amefanywa mali, na kwamba kubadilisha sheria za ndoa bila kubadilisha umiliki na kazi hakutamkomboa. Mwaka 1919 mjini Changsha binti wa ukoo wa Zhao alijikata koo ndani ya machela ya harusi akipelekwa kwa mume asiyemtaka. Kisa chake kiliandikwa magazetini kwa majuma. Tarehe 1 Desemba 1931 serikali ya kisovieti ya wakomunisti, makao yake Ruijin, ilitoa Kanuni za Ndoa zilizofuta waziwazi fedha ya posa, zawadi za posa na jiazhuang. Ruijin iko Jiangxi! Mkoa ule ule anaoutaja Karani77. Sheria ya Ndoa ya 1950 nayo ikakataza kudai fedha au zawadi kwa sababu ya ndoa, na Kanuni ya Kiraia inayotumika tangu 1 Januari 2021 imerudia katika kifungu cha 1042.

Karibu miaka mia ya makatazo. Kama desturi imedumu hivyo, kwangu ni ushahidi kwamba haikuwahi kukatwa mzizi, na mwanamke anayeipokea kwa jina la ufeministi anaumwagilia maji.

#6 Mwana wa Lindi

Mkuu Mto Pangani, historia yako haina kasoro, ila hitimisho linaruka kitu kimoja: makatazo yote hayo yaligusa upande wa kupokea, yakaacha upande wa hasara.

Hebu tuziorodheshe hasara, moja moja.

Ardhi. Binti wa kijijini akiolewa anahamia kwa mume. Ardhi ya kijiji ni ya pamoja na hugawiwa kwa mikataba ya miaka 30. Sheria ya ukodishaji wa ardhi ya vijijini iliyoanza 2003 inakataza kijiji kumnyang'anya fungu lake kabla hajapata kwingine, lakini mkutano wa kijiji hupiga kura na jina lake hufutwa. Wanaitwa waijianü, mabinti walioolewa nje, na kesi zao ni nyingi. Sheria mpya ya mashirika ya uchumi ya vijiji, iliyoanza 1 Mei 2025, imeweka ulinzi zaidi. Imekuja wakati vizazi viwili vimeshapoteza.

Nyumba. Desturi ni mume alete nyumba, mke alete matengenezo ya ndani, samani na gari. Nyumba ilipanda bei miongo miwili. Rangi, makabati na gari hushuka thamani tangu siku ya kwanza. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Watu ikatafsiri kwamba nyumba iliyonunuliwa na mmoja kabla ya ndoa hubaki yake, na ile waliyonunua wazazi kwa jina la mtoto wao ni zawadi kwa mtoto huyo peke yake. Mke aliyeweka akiba yake yote kwenye vigae na kabati akajikuta hana kitu cha kudai. Uamuzi huo uliwaamsha wengi kuliko maandamano yoyote.

Kazi ya nyumbani. Kifungu cha 1088 cha Kanuni ya Kiraia kinamruhusu aliyebeba zaidi malezi na kazi za nyumbani kudai fidia akiachika. Kesi maarufu ya Fangshan, Beijing, mwaka 2021: miaka mitano ya ndoa, fidia yuan 50,000. Gawanya: ni kama yuan 27 kwa siku.

Jina la mtoto. Karibu kila mara ni la baba.

Ukiziweka hizo mezani, ndipo unaelewa kambi zilivyo. Wengine wanasema: nipokee caili, niishike mwenyewe, ndiyo bima pekee ninayopewa kabla ya kuzaa na kupoteza cheo kazini. Wengine wako nawe, wanaona ni bei ya mtu na ni aibu. Wengine wamejitoa kabisa, bu hun bu yu, hapana kuolewa hapana kuzaa. Wanawatukana walioolewa kwa kuwaita "punda wa ndoa", neno ambalo kwangu ni baya na limewagombanisha wanawake bure. Na wako wanaojaribu liangtou hun, "ndoa ya pande mbili", hasa Jiangsu na Zhejiang: hakuna caili, hakuna jiazhuang, kila upande unatoa chumba na fedha, wanaishi huku na huku, mtoto wa kwanza anachukua jina la baba na wa pili la mama. Kasoro yake inaonekana mapema: inadai watoto wawili, na akizaliwa mmoja tu, mabibi na mababu wanagombea jina. Tena inafaa zaidi pale wote wawili ni watoto pekee na wazazi wao wana nyumba. Kijana wa kijijini Gansu hana cha kuleta kwenye mpango huo.

#7 Kitabu Wazi

Naomba niweke sheria ya kurudisha, maana hapa wengi hukosea.

Msingi ni kifungu cha 5 cha Tafsiri ya Kwanza ya Mahakama Kuu ya Watu juu ya sehemu ya ndoa ya Kanuni ya Kiraia. Mlipaji anaweza kudai kurudishiwa ikiwa (a) hawakusajili ndoa, (b) walisajili lakini hawakuishi pamoja, au (c) malipo yale yalimtia mlipaji kwenye dhiki ya maisha. Kwa (b) na (c) lazima waachane kwanza.

Ilibaki mianya. Waliosajili wakaishi miezi mitatu? Wasiosajili wakaishi miaka minne na mtoto? Mahakama Kuu ya Watu ikatoa kanuni mpya zilizoanza 1 Februari 2024, vifungu saba tu. Muhimu:

Caili ni nini? Huangaliwa desturi ya mahali, nia, wakati na namna ya kutoa, thamani, nani alitoa, nani alipokea. Zawadi ndogo za sikukuu na siku ya kuzaliwa hazimo, wala gharama za kila siku za wapendanao.

Waliosajili na kuishi pamoja: kwa kawaida hairudishwi. Lakini kama waliishi muda mfupi na kiasi ni kikubwa kupita kiasi, mahakama inaweza kuamuru sehemu irudi, ikiangalia fedha ilivyotumika, jiazhuang iliyoletwa, mimba na uzazi, na kosa ni la nani. Ukubwa hupimwa kwa wastani wa kipato cha mtu mahali pale, hali ya familia ya mlipaji, na desturi.

Wasiosajili lakini wameishi pamoja: si lazima irudi yote. Vigezo ni hivyo hivyo.

Nani ashtakiwe? Katika mgogoro wa mali ya uchumba, wazazi waliotoa au kupokea wanaweza kuunganishwa kwenye kesi. Katika kesi ya talaka ni mume na mke peke yao.

Mwanamke afaidike na nini hapo? Neno "mimba na uzazi". Kabla yake, kifungu cha 5 hakikuitaja mimba wala uzazi.  Sasa mwili wake una uzito katika mizani ya hakimu. Ni hatua ndogo, nami naithamini.

Kwa wasomaji wa Uganda: Mahakama ya Juu kwenu, katika shauri la MIFUMI, Agosti 2015, iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba, kwa sababu humfunga mwanamke ndani ya ndoa mbaya akiogopa wazazi wake watalipa nini. China imekwenda njia nyingine: inarudishwa kwa kipimo. Hofu ile ile ipo kwa binti ambaye fedha yake imeshaliwa na harusi ya kaka yake.

#8 Bi Shufaa

Mwanangu Kitabu Wazi, na ushahidi je? Fedha ya harusi hutolewa kwa mikono, kwenye bahasha nyekundu, watu wanacheka na kula.

#9 Kitabu Wazi

Hapo ndipo kesi nyingi hufia, Bi Shufaa.

Kinachosimama mahakamani: malipo ya benki yaliyoandikwa maelezo "caili", orodha ya zawadi iliyosainiwa siku ya uchumba, mazungumzo ya WeChat yanayotaja kiasi, ushahidi wa mshenga. Fedha taslimu zilizopigwa picha mezani bila kuonesha nani kapokea huleta ubishi.

Kinachoanguka: miamala ya 520 au 1,314. Hizo ni tarakimu za mapenzi, moja husikika kama "nakupenda", nyingine "maisha yote", na kwa kawaida mahakama huzihesabu kuwa zawadi za hiari. Mwanamume akizijumlisha mia moja akaziita caili, hapati.

Kwa upande wa mke, kosa kubwa ni jiazhuang kuletwa baada ya usajili bila maandishi. Wazazi wakimpa binti gari au fedha kabla ya usajili, ni mali yake binafsi. Wakimpa baada ya usajili bila kusema ni ya binti peke yake, vifungu vya 1062 na 1063 vya Kanuni ya Kiraia huifanya ya wote wawili. Karatasi moja yenye tarehe na saini ya wazazi ingeokoa yote. Vivyo hivyo caili iliyoishia kwenye samani na gharama za nyumba ya pamoja: atunze stakabadhi, kwa sababu kilichotumika kwa kaya hupunguzwa kwenye kiasi cha kurudisha.

Na jina kuongezwa kwenye hati ya nyumba si kinga kamili tena. Tafsiri ya Pili ya Mahakama Kuu ya Watu, iliyoanza 1 Februari 2025, inaruhusu mahakama, ndoa ikiwa fupi na mtoaji hana kosa kubwa, kumrudishia nyumba aliyeitoa na kuamua fidia kwa mwenzake.

#10 Mto Pangani

Nakubali hoja ya uzazi, hiyo sikuipima vizuri. Lakini tazameni kesi ya Yanggao, Datong, mkoani Shanxi, kisha mniambie caili haimweki mwanamke katika hatari.

Waliahidiana yuan 188,000; 100,000 zilitolewa kwenye uchumba tarehe 1 Mei 2023, pamoja na pete. Kesho yake mwanamume alimlazimisha. Desemba 2023 akahukumiwa miaka mitatu kwa ubakaji, na rufaa ikatupwa tarehe 16 Aprili 2025. Mahakama ilisema wazi kwamba uchumba hauwi ridhaa ya mwili. Hukumu ilikuwa sahihi. Kilichonitisha ni wingi wa sauti mtandaoni zilizosema: ameshalipa, sasa alibaka nini?

#11 Nyamizi

Kaka, kesi hiyo hata waliopokea caili kwa moyo mweupe iliwatikisa. Siku zile mabinti wengi waliandika jambo moja: kama fedha hii inasomwa kuwa tiketi ya mwili wangu, basi ichukueni. Wakati huo huo wengine walijibu kwamba hata bila caili mke hubakwa, ila anabaki na mikono mitupu. Nawasikia wote wawili.

Ninachokataa ni namna serikali inavyolishughulikia. Mwaka 2016 wilaya ya Taiqian, Henan, iliweka kikomo cha yuan 60,000. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Kiraia ikateua maeneo 32 ya majaribio ya kubadili desturi za ndoa. Mwaka 2022 Wizara ya Kilimo na nyingine zikatoa mpango maalumu dhidi ya caili kubwa. Vijijini kazi hukabidhiwa "baraza la nyekundu na nyeupe", la harusi na misiba, ambalo wajumbe wake ni wazee wa kiume kwa sehemu kubwa. Mapema 2023 kule Daijiapu, Jiangxi, walikusanywa wanawake wasioolewa watie saini kwamba hawatadai caili kubwa. Wanawake! Wazazi waliochagua wana wa kiume hawakuitwa kusaini chochote. Wanaume hawakusaini kwamba watafua na kulea.

Na vikomo hivi huenda mrama kwa njia inayotabirika. Kiasi rasmi kinaandikwa 60,000, kilichobaki kinaitwa "fedha ya gari" au "mkopo wa mkwe". Maandishi yanapotea, na mwanamke akifika mahakamani hana hata orodha ile aliyoisema Kitabu Wazi.

Wale ambao wangeweza kulisema hili kwa sauti wamepunguzwa. Februari 2012 wasichana watatu walipita mtaa wa Qianmen, Beijing, na magauni meupe ya harusi yenye madoa mekundu kupinga vipigo vya majumbani. Sheria ya kupinga ukatili wa majumbani ikaanza 1 Machi 2016. Katikati yake, Machi 2015, wanaharakati watano walikamatwa. Mwaka 2018 akaunti za Feminist Voices, chombo cha habari cha mafeministi, zikafungwa; 2021 makundi yao kwenye mtandao wa kijamii wa Douban yakafuata. Mtandaoni wakisema neno wanaambiwa "wanapiga ngumi", kwa kuwa "haki" na "ngumi" kwa Kichina hutamkwa sawa.

#12 Karani77

Takwimu ya kuwekea haya yote: usajili wa ndoa ulikuwa milioni 13.47 mwaka 2013. Mwaka 2024 ulikuwa milioni 6.1. Vijana wenyewe wamepungua kwa idadi, hilo ni kweli, lakini si kwa zaidi ya nusu katika miaka kumi na moja. Sehemu ya wanawake wamejibu kwa miguu.

#13 Mwana wa Lindi

Kuna badiliko moja la karatasi ambalo halipewi uzito unaostahili. Hadi 2025, kusajili ndoa kulihitaji kitabu cha kaya, hukou. Kitabu hicho kwa kawaida hukaa kabatini kwa baba. Binti akikubali kuolewa bila caili, au kwa kidogo, baba alikuwa akifunga kabati. Wengine walikiiba kimya kimya wakasajili, wakakirudisha. Tangu 10 Mei 2025, kanuni mpya za usajili zinahitaji vitambulisho na tamko lililosainiwa kwamba hawana ndoa nyingine wala undugu wa karibu, na wanaweza kusajili popote nchini.

#14 Bi Shufaa

Alhamdulillahi. Kwa hiyo sasa baba akisema "bila laki moja hutoki", binti anaweza kutoka?

#15 Nyamizi

Anaweza, Bi Shufaa. Anachukua kitambulisho chake, anakwenda na mwenzake ofisi ya mji wowote, wanasaini na kupewa vile vitabu viwili vyekundu vya cheti cha ndoa siku ile ile, bure. Kama kuna caili waliyokubaliana wawili, waiandike kabla ya kusaini: kiasi, akaunti iliyoingia, na ya nani. Kama wazazi wake wana cha kumpa, wampe wiki moja kabla, kwa benki, jina lake peke yake. Nyumba ikiwa ya mume, pesa yake asiimalizie kwenye vigae.